Siku moja maishani mwangu: geji inasema tangi limejaa, gari imekata mafuta

Saa 1 asubuhi nafungua gereji hapa Unga Limited, Arusha, na mzee mmoja mteja wangu keshafika, Land Rover yake Series III fupi ya petroli imevutwa na kamba. Shikamoo mzee, marahaba kijana, hapohapo ananimwagia yote: geji ilionyesha full, akaiamini, gari ikamzimikia njia ya Monduli usiku.

Wengi hapo wangeshaing'oa geji. Mimi nauliza kwanza, na geji ya temprecha, ile ya joto la injini, inadanganya? Maana geji zote mbili zinakula umeme kwenye stabilaiza moja inayoshusha volti 12 mpaka kama 10, ikikosa athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi, geji zote mbili zinapanda juu. Mzee anasema temprecha iko sawa. Stabilaiza naiacha.

Saa 3 nachukua tochi. Jamani, kabla hujagusa spana soma uso wa geji! Hizi za kampuni ya Smiths zina maandishi madogo sana chini ya mshale, yakianza na FG ni ya zamani ya koili, mshale unaruka ukifungua swichi tu, yakianza na BF ni ya bimetali, kipande cha vyuma viwili vilivyoshikana, inapata joto na mshale unapanda taratibu. Hii ni BF. Nachomoa waya wa floti, kile kifaa cha ndani ya tangi kinachoipa geji kipimo cha mafuta, mshale unarudi tupu, naugusisha athi sekunde chache unaanza kupanda. Geji nzima kabisa, na ingekuwa FG majibu yangekuja kinyume.

Saa 5 natoa betri, nanyanyua siti ya dereva, tangi liko hapo chini, nafungua floti. Naweka multimita, mkono wa floti ukiwa chini inasoma karibu omu 0, nikiunyanyua juu inafika 80 hivi. Nikajua tayari! Floti ya BF inatakiwa kama 20 tangi likijaa na zaidi ya 200 likiwa tupu, kwa hiyo hii ya kizamani, ya geji za FG, mafuta yakiisha inapitisha umeme mwingi na geji inasema full. Namuuliza mzee, anakumbuka tangi lilioza na fundi mwingine akamletea la Series II chakavu, pamoja na floti yake.

Makande, chai, narudi.

Saa 8 natoa floti sahihi niliyoitunza kabatini miaka, ila boya lake la shaba nikilitikisa sikioni nasikia petroli ndani, chwa chwa. Nalizamisha kwenye maji ya moto, vibubujiko vyembamba vinatoka kwenye kiungo. Natoboa tundu la pili dogo, namwaga, naliacha juani mpaka harufu ya petroli iishe kabisa, maana boya lenye mvuke ukilipasha moto linaweza kukulipukia usoni, halafu naziba matundu yote kwa risasi ya kulehemu, kwa pasi ya umeme ya kulehemu, sio moto wa gesi. Nalizamisha tena. Kimya.

Saa 11 floti imeingia na gasketi mpya, mzee anamimina lita 20 kwenye tangi la 45. Nafungua swichi, tumenyamaza wote, mshale unapanda polepole kama nusu dakika hivi, unatulia chini kidogo ya nusu. Mzee hasemi kitu, ananishika bega.

Kabla ya kurudisha siti naandika kwa rangi nyeupe juu ya tangi, BF, fundi atakayekuja baada yangu aione.