Tabora hadi Kigoma kwa Barabara: Njia Iliyopangwa na Mto Malagarasi

Anayetoka Tabora kwenda Kigoma leo ana kilomita 400 na ushei mbele yake, kupitia Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza. Kwenye ramani ni mstari ulionyooka kuelekea magharibi. Ndiyo maana vijana wengi hawaelewi kwa nini mabasi ya Kigoma kwa miaka mingi yalizunguka kaskazini kupitia Kahama, Nyakanazi, Kibondo na Kasulu. Sababu ni maji. Katikati ya mstari huo limelala bonde la mto Malagarasi na matawi yake, eneo oevu lenye hekta zaidi ya milioni 3, la kwanza Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda maeneo oevu, mwaka 2000. Watu wa treni walilivuka tangu zamani. Wa magari ilibidi wasubiri.

Natoka mjini mapema, jua likiwa nyuma. Ukichelewa, alasiri yote litakupiga machoni hadi Uvinza. Tabora–Urambo ni kama kilomita 94, na ilijengwa kwa vipande viwili: hadi Ndono 42, kisha Ndono–Urambo 52. Lami ni nzuri, na uzuri huo ndio mtego wenyewe. Vijijini mwendo ni 50, vibao vimewekwa, na askari wa tochi hukaa pale ambapo nyumba zimeisha lakini kibao cha kumaliza 50 bado. Usikanyage mafuta mpaka ukipite kwa macho yako.

Urambo ndiyo nchi ya Mtemi Mirambo. Mwaka 1871 alipokorofishana na Waarabu wa Tabora, aliifunga njia hii ya misafara ya Ujiji. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alijiunga na Waarabu kupigana naye, wakashindwa. Ikabidi azunguke mbali kusini kabla ya kupinda tena kaskazini kuingia Uvinza. Kwa hiyo kuzunguka kwa ajili ya njia iliyofungwa si jambo la enzi ya mabasi. Mirambo alifariki 1884. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza wakaleta hapa mradi wao wa karanga, sambamba na Kongwa na Nachingwea. Ukafa ndani ya miaka michache, na tumbaku ndiyo iliyoshika ardhi. Mabani ya kukaushia tumbaku yanaonekana kutoka barabarani, na marundo ya kuni kando yake yanaeleza kwa nini miombo imesogea mbali na lami.

Kaliua iko kama kilomita 30 mbele. Hapa reli inagawanyika: tawi la Mpanda, lenye kilomita 210, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kufuata madini ya risasi. Kwa mwenye gari Kaliua ina maana moja tu, jaza tangi. Sheli za mbele ni chache na zimeachana sana, na ukiishiwa msituni utategemea dizeli ya madumu ambayo hujui imechanganywa na nini. Kagua upepo wa matairi matairi yakiwa bado ya baridi. Spea tairi iwe na upepo, na jeki iwe na kibao cha kuwekea chini, kwani pembezoni mwa barabara udongo ni laini na jeki itazama.

Udongo huo unahitaji maelezo, maana ndio uliokula pesa nyingi za barabara hii. Kwenye miinuko ya miombo kuna ardhi nyekundu na changarawe, msingi mzuri kabisa. Ukishuka bondeni unakuta mbuga: mfinyanzi mweusi unaovimba ukinyweshwa na kusinyaa ukikauka. Kiangazi mpasuko wake humeza mkono. Ukijenga juu yake bila kuuondoa, barabara itapanda na kushuka kila mwaka. Mkandarasi hana budi kuuchimba na kuutoa, au kuinua tuta la kifusi kizuri juu yake, na kuweka makalavati ya kutosha maji yapite chini badala ya kusimama pembeni. Tazama mahali palipoanza kuharibika: nyufa ndefu zinazokwenda sambamba na ukingo, hatua moja au mbili kutoka bega la barabara. Kingo za tuta hukauka haraka kuliko katikati palipofunikwa na lami, zikasinyaa na kuvuta. Ufa usipozibwa kwa lami kabla ya masika, maji yanaingia na shimo linazaliwa.

Uzito nao una lake. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na tani 56 kwa gari zima. Madereva hulalamika kwamba tani mbili za ziada si kitu. Lakini uharibifu wa lami haupandi sawasawa na mzigo. Kwa kanuni inayotumiwa na wahandisi, hupanda kwa kipeo cha nne hivi: ekseli ya tani 12 inaumiza barabara takriban mara mbili ya ekseli ya tani 10.

Kutoka Kaliua hadi Kazilambwa ni kilomita 56, kisha Chagu kama 36. Huku msitu unakaza na mbung'o wanaanza. Funga vioo, gari linalokwenda, hasa la rangi ya buluu iliyoiva au jeusi, wao hulifuata kama wanavyofuata ng'ombe. Ukisimama kubadilisha tairi vaa mikono mirefu. Kuna pia vizuizi vya maliasili: mwenye mkaa, mbao au asali ya biashara awe na vibali mkononi. Bila hivyo mzigo unabaki.

Nguruka ni mahali pa kula. Samaki wa Ziwa Sagara wapo na wali upo. Usitegemee kupata mlo mwingine wa maana mpaka Uvinza.

Kisha mto. Daraja la Kikwete, mita 275 kwa jumla, lilijengwa miaka ya 2010 kwa mkopo wa Korea Kusini pamoja na kilomita 48 za barabara unganishi. Anayelipita kiangazi huona mto wa kawaida na hushangaa urefu wa matuta ya pande zote mbili. Aje baada ya masika. Mto hapa hautiririki ndani ya kingo zake tu, unalala juu ya bonde, na tuta lisilo na matundu ya kutosha lingegeuka bwawa. Mwanzoni mwa 1858 wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walivushwa Malagarasi kwa mitumbwi ya magome, baada ya kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa Wavinza walioshika kivuko. Stanley naye alilipa, na punda wake mmoja alinyakuliwa na mamba akivushwa. Leo unavuka chini ya dakika moja, bure.

Malagarasi–Uvinza, kilomita 51, kilibaki kipande cha vumbi muda mrefu baada ya daraja kukamilika. Hivyo ndivyo barabara hii ilivyojengwa: kila kipande kwa mfuko wake. Daraja pesa za Korea, Kazilambwa–Chagu mfuko wa OPEC, Uvinza–Kidahwe (kilomita 76.6) mfuko wa Abu Dhabi. Ukiona lami inabadilika rangi na mabega yanapungua upana ghafla, umevuka mpaka wa mikataba.

Uvinza ilikuwepo kabla ya njia zote hizi, kwa sababu ya chumvi. Chemchemi zake zinatoka karibu na mto Ruchugi, na wachimbuaji wa mambo ya kale waliofanya kazi hapa 1967 walikuta mashimo yaliyosiribwa kwa udongo na majiko ya mawe, ushahidi wa zaidi ya miaka elfu moja ya kuchemsha maji chumvi. Kazi ilikuwa ya kiangazi tu. Masika mito hufurika na kuzimua chemchemi. Misafara ilinunua hapa na kuuza mbali. Njia panda ya Mpanda iko hapa pia, kwa hiyo soma kibao. Wageni hupotea wakafuata barabara ya kusini.

Baada ya Kazuramimba nchi inapandapanda vilima na michikichi inaanza. Kidahwe unakutana na barabara ya Kasulu, ile ya mabasi ya mzunguko, na malori yanaongezeka. Misafara ya zamani ilikomea Ujiji, lakini reli ilipofika Februari 1914 iliishia Kigoma, kilomita kama 8 kutoka pale: ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na upepo, wakati ufuko wa Ujiji ni wa maji mafupi. Barabara nayo ikaifuata reli. Malori yenye mizigo ya Kongo na Burundi yanakwenda bandarini moja kwa moja. Abiria wa Ujiji ashuke Mwanga, mjini Kigoma, daladala zipo hadi usiku.