Nimenusa glasi tupu asubuhi

Glasi ilikuwa imelala mezani tangu usiku, haijaoshwa. Nilipoichukua kuipeleka kwenye sinki nikainusa, kwa mazoea tu, na humo ndani mlikuwa na nta. Si pombe wala sukari: nta ya masega, ile harufu inayokupiga usoni mzinga unapofunguliwa siku ya joto. Nikarudi kwenye daftari langu, nikakata alama niliyoandika jana.

Ngoja nieleze. Tulikuwa watu watano jikoni kwangu hapa Cork, na chupa sita za mvinyo wa asali wa Ireland, zote zimevalishwa soksi tusione lebo. Soksi ni muhimu kuliko glasi nzuri. Mvinyo huu umezungukwa na hadithi za wafalme, na hadithi huongeza alama bila mtu kujua. Kule Tara, Kaunti ya Meath, makao ya kale ya wafalme wa Ireland, kuna mahali panapoitwa Tech Midchúarta, nyumba ya kuzungusha mvinyo wa asali. Nilifika nimejawa na shauku. Nilikuta matuta mawili marefu ya udongo, mita 200 hivi, yameota nyasi, na kondoo. Siku hizi wataalamu wengi wanaona ilikuwa njia ya maandamano, si ukumbi wa karamu. Lakini chora fundo la Kiselti, ile nakshi ya kale ya Ireland, kwenye lebo uone watu wanavyoanza kusifu.

Tulitumia mgawanyo wa waamuzi wa mashindano: harufu 10, mwonekano 6, ladha 24, na 10 za mwisho ni kwa jinsi kinywaji kizima kilivyokukaa; jumla 50. Mwonekano 6 tu, na bado kuna mtu alikaa dakika nzima akiinua glasi kwenye taa.

Ya kwanza wote tuliitambua ndani ya soksi yake: Bunratty Meade ya Kaunti ya Clare, mvinyo wa zabibu uliotiwa asali na mitishamba. Wageni wengi huanzia hapo. Ya pili na ya sita sina la kusema.

Ya tatu ndiyo iliyonihadaa. Tamu, nzito, inateleza kooni kama mafuta. Nikaipa 41 bila kusita. Ya nne ilikuwa kavu, na nilipoileta puani ikanuka kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Hilo nalijua: asali ni sukari kama asilimia 80, ila naitrojeni yake ni kiduchu, na hamira ikikosa chakula hutoa harufu za namna hiyo. Nikaandika 29 na maelezo ya kitaalamu, nikajiona bingwa. Glasi nikaisukuma pembeni, imejaa nusu.

Ya tano ilikuwa Atlantic Dry ya Kinsale, mji wa jirani, kilevi asilimia 12, imetengenezwa kwa asali ya maua ya michungwa kutoka Hispania. Hiyo nayo ni kavu, lakini ua unalisikia kabla hujameza. Ndiyo iliyonifanya niirudie ya nne. Kwa saa nzima ilikuwa imepata joto la jikoni, kiberiti kimepotea, na chini yake kulikuwa na kitu nisichoweza kukitaja. Nikanywa ikaisha. Alama nikaiacha vilevile, kwa ubishi.

Tulipovua soksi, ya nne haikuwa na lebo. Mmoja wetu alikohoa kidogo. Alikuwa ameitengeneza nyumbani kwa asali ya mizinga yake miwili, maua ya beri nyeusi, na usiku kucha alikuwa amekaa kimya akitusikiliza tukimchambua.

Asubuhi hii nimemwandikia: 38. Akauliza ile ya tatu imebaki na ngapi. Nikaitafuta glasi yake ninuse. Ilikuwa imenata mezani, na ilipobanduka haikuwa na harufu yoyote isipokuwa ya peremende.