Ndoo ya Krismasi

Njombe, Jumapili 4 Januari 2026

Krismasi ina siku kumi tu tangu ipite, na mimi leo nimeshaanza zawadi za kufuma za Krismasi ya mwaka huu. Nimetoka kanisani, nimekula viazi vya jana, nikavuta kiti hadi mlangoni penye mwanga na kuweka magotini sweta la mtumba nililonunua jana sokoni ili nilifumue nipate uzi. Ni la kiume, kubwa, rangi ya majivu. Nje inanyesha ile mvua ya taratibu ambayo ikishaanza unajua ni ya mchana kutwa. Nina wembe, nina mkasi mdogo, na kichwani nina mtu mmoja tu: bibi yangu wa Makete.

Jana nilikaa pale kwenye turubai la masweta karibu saa nzima. Anayetaka kuvaa hutazama rangi na shingo. Anayetaka uzi huligeuza sweta ndani nje na kutazama mshono wa ubavuni. Kama ukingo umekatwa na kuzungushiwa nyuzi za overloki, liache hapohapo hata likiwa zuri kiasi gani, maana kila safu imeshakatwa. Ukilifumua utaambulia vipande vifupi, kila kimoja safu moja tu. Lakini kama ukingo ni mzima na pande mbili zimeungwa kwa mshono mwepesi unaofanana na mnyororo, uzi wake huenda na kurudi, safu kwa safu, bila kukatika. Sweta la namna hiyo unaweza kulirudisha lote kuwa donge la uzi.

Hili lilikuwa na ukingo mzima. Bado nilikuwa na swali moja, nikamwomba muuzaji kiberiti. Nilichomoa kiuzi kidogo ndani ya mshono nikakichoma. Kilisinyaa, kikanuka kama nywele zilizoungua, na nilipoondoa moto kikazima chenyewe. Jivu lake lilisagika vidoleni kama unga. Hiyo ni sufu, manyoya ya kondoo hasa. Nyuzi nyingi tunazouziwa madukani kwetu ni akriliki, uzi wa jamii ya plastiki, nazo zikishika moto huyeyuka na kuacha kijiwe cheusi kigumu. Nilivyoliona lile jivu limesagika nililipa bila kuomba punguzo.

Sababu ya kuhangaikia sufu nimeibeba moyoni tangu Krismasi, ingawa habari yenyewe ilianza kabla.

Mwaka jana ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kupanga zawadi zote za Krismasi mapema. Miaka ya nyuma nilikuwa nafuma kwa kukimbizana. Novemba ikifika nanunua uzi, Desemba nakesha, na usiku wa mkesha nimewahi kumaliza sweta la kaka yangu saa nane, mkono mmoja ukiwa umeuzidi mwenzake kwa vidole viwili. Alilivaa kanisani asubuhi, mkono amekunja, akanishukuru. Mimi ibada nzima sikuona kitu kingine zaidi ya ule mkunjo. Nikasema basi, mwakani naanza Januari.

Na kweli nilianza. Nilikaa na daftari nikahesabu. Kufuma napata saa moja jioni, siku tano kwa wiki, na vipande vya muda dukani wateja wakipungua (nauza pembejeo, kuna miezi mtu unashinda peke yako na mifuko ya mbolea). Kwa mwaka hiyo haipungui saa 260. Sweta la mtu mzima hunichukua saa 50. La mtoto 20. Kofia 5. Shali kubwa 30. Nikaandika majina: bibi shali, mama sweta, watoto wanne wa kaka na dada masweta, kofia tano za wengine. Jumla saa 185. Zile zilizobaki niliziachia misiba, malaria, wageni, na siku ambazo mtu anakaa tu. Sijawahi kujutia kuziacha hizo saa. Zote zilitumika.

Nikaanza na bibi kwa sababu ndiye mkubwa. Shali la zambarau, akriliki laini ya dukani, nikalimaliza wiki ya pili ya Mei. Nikalikunja, nikalitia kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko, nikaisukuma chini ya kitanda. Ndoo hiyo niliitafuta baada ya panya kunitafunia kofia iliyokuwa kwenye mfuko wa sandarusi. Nilijisikia vizuri sana. Mei, na bibi yuko tayari!

Sabasaba iliangukia Jumatatu, kwa hiyo nikapata siku tatu za kwenda Makete. Anayeijua milima ile anajua Julai yake. Alfajiri nyasi zinakuwa nyeupe kwa sakitu, ukizikanyaga zinavunjika chini ya kiatu, na maji ya kwenye beseni lililolala nje yanashika utando wa barafu. Nilimkuta bibi jikoni, ameketi kwenye kigoda karibu kabisa na moto, amejitanda kitenge juu ya kitenge, na juu yake lile blanketi lake ambalo katikati limebaki nyuzi za kwenda upande mmoja tu. Mikono ameiweka kwapani. Nilipoishika kumwamkia ilikuwa ya baridi ingawa moto uko pale.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mama. Umekuja na baridi yako."

Nikacheka naye. Kisha nikakumbuka ndoo. Shali lake lilikuwa Njombe chini ya kitanda changu, limemalizika, limekunjwa vizuri, linasubiri Desemba. Na Desemba kwetu huku ni mvua. Kuna ubaridi wa jioni, ndiyo, lakini si ule wa kuvunja nyasi. Baridi ya kuua mzee inakuja Juni na Julai, na mimi nilikuwa nimeifumia kinga yake nikaificha ili siku ya Krismasi afurahi. Usiku ule nililala naye kitanda kimoja. Nilisikia anavyojikunja na kujigeuza, na sikupata usingizi mapema.

Jumatano nikampa kondakta wa basi furushi lenye shali. Ijumaa bibi akapiga simu kupitia jirani. Hakusema mengi. Alisema, "Limefika, niko nalo," akaanza kuniuliza bei ya mbolea.

Nilipokwenda safari hii ya Krismasi nililikuta shali begani. Limetumika, limelainika, lina harufu ya moshi. Nikakaa karibu yake, na vidole vyangu, kwa mazoea ya kukagua kazi, vikaenda kwenye pindo. Vikagusa kitu kigumu. Nikalivuta kwenye mwanga. Kulikuwa na vitundu saba, vidogo kama punje za ulezi, kila kimoja kimezungukwa na ukingo mweusi mgumu. Ni cheche. Kuni zikipasuka cheche inaruka, inatua kwenye akriliki, inaiyeyusha. Saba hizo hazikumfikia mwilini. Lakini uzi ulioyeyuka huganda kwenye ngozi, na yeye hukaa nusu mita kutoka motoni kila siku ya Mungu, na siku nyingine husinzia palepale.

Hakuna aliyenifundisha hilo. Nilijifunza kufuma darasa la tano kwa spoku za baiskeli zilizosuguliwa ncha kwenye jiwe, uzi tukipata wowote tunashukuru. Swali la uzi gani kwa nani halikuwepo. Sasa ninalo. Anayekaa na moto anahitaji sufu, maana cheche ikiiangukia inaunguza kidoti na kufa hapo.

Kwa hiyo orodha ya mwaka huu nimeipanga kwa namna nyingine. Bibi ni wa kwanza tena, lakini tarehe yake ni mwisho wa Mei, na siku hiyo shali lake linapanda basi. Krismasi nitampelekea sukari na kilo ya nyama. Mama naye nimemsogeza, sweta lake limfikie kabla ya Juni kuisha. Kuna atakayesema hizo basi si zawadi za Krismasi. Kwangu ni za Krismasi, zimetangulia tu.

Sweta la mama lilinifundisha jambo lake pia. Alitaka rangi ya damu ya mzee. Machi nilikuwa na hela ya madonge manne, nikasema mengine nitachukua baadaye, duka si lipo? Juni nikarudi, rangi ileile, namba ileile, nikachukua mawili. Ndani ya duka yalifanana kabisa. Nilipolitoa sweta juani mikono ilikuwa imepauka kuliko kifua. Ndipo nikasoma vizuri karatasi ya kwenye donge: kuna namba ya rangi, na kuna namba nyingine ya pipa walilochovya siku hiyo. Hiyo ya pili ndiyo ya kulinganisha. Siku hizi nadunduliza elfu tano kila Jumamosi kwenye kopo, sinunui mpaka itoshe uzi wa mtu mmoja wote. Na kama imebidi kuchanganya, nafuma safu mbili kutoka donge hili na safu mbili kutoka lile, toka mwanzo hadi mwisho. Tofauti inatawanyika, macho hayaioni.

Watoto nimewarudisha mwisho, Septemba na Oktoba. Mwaka jana niliwapima Januari na kuwafumia Machi, kwa furaha ya kuona visweta vinaisha haraka. Mtoto wa miaka minne huongezeka kama sentimita 6 au 7 kwa mwaka. Wa kaka yangu alipovaa lake Krismasi, viganja vilikuwa nje na sehemu ya mkono pia. Yeye alifurahi, alikimbia nalo kwenye matope kama lilivyo. Lakini kufumia mwili wa Januari kuvaliwa Desemba ni kumfumia mtoto ambaye hayupo tena. Mwaka huu nitapima Septemba, nitaongeza vidole vitatu mikononi, mama yake akunje.

Tena si Desemba. Mwisho wangu ni katikati ya Novemba, kwa sababu mvua zikianza ni shamba. Mahindi yanataka kupandwa, mikono inakuwa na sugu na udongo ndani ya kucha, na uzi mweupe ukiushika kwa mikono ile unaingia doa lisilotoka. Jioni mtu unarudi mgongo hauna kazi tena. Anayetaka kufuma Desemba huku kwetu labda hana shamba.

Dada yangu wa Dar es Salaam alinisumbua kichwa. Sweta Dar atalivaa lini? Nilikuwa nampa vitambaa vya makochi, anavipenda, lakini amejaza nyumba. Halafu Krismasi hii nikamwona ameshuka kwenye gari na blauzi nyepesi, jioni ile ya mvua, meno yanagongana, akajitupia koti la shule la mtoto lililokuwa karibu. Nikajua. Mwaka huu nafuma sweta moja pana, la shingo ya juu, lining'inie msumarini nyuma ya mlango wa mama. La kwake, lakini haliendi Dar. Atalikuta kila akija.

Sasa narudi kwenye hili la majivu. Mshono wa ubavuni nimeukata kitanzi kimoja kimoja, nikivuta taratibu nisije nikajeruhi uzi wenyewe. Pande zilipoachana nikaanza kufumua kutoka shingoni, maana kifua hiki kilifumwa kutoka chini kwenda juu, na uzi hutoka kirahisi pale ulipoishia. Sauti yake naipenda sana, trrr, trrr, safu nzima inakimbia. Uzi unatoka umejikunjakunja, kila kitanzi bado kinakumbuka umbo lake. Nauzungusha kwenye mgongo wa kiti, ukifika unene wa kifundo cha mkono nafunga sehemu nne, natoa. Nimepata mafungu matano na mkono mmoja bado.

Kesho nitayaosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, bila kusugua, kwani sufu ukiisugua kwenye maji ya moto hugandamana na kuwa kama blanketi la farasi. Kisha nitayatundika chini ya paa, kila moja na kijiwe chini ili mikunjo inyooke. Kwa mvua hii itachukua siku tatu kukauka. Uzi wenyewe ni mwembamba, nitafuma nyuzi mbili pamoja kwa sindano za milimita 5, mishono 102 kwa kuanzia. Nimefanya kipande cha kujaribia, kimetoka sawa.

Vipimo ninavyo. Siku moja kabla sijaondoka Makete nilimzungushia bibi kamba ya katani mabegani nikafunga fundo, nikaipima na mkono nikafunga fundo la pili. Alikuwa anamenya viazi, hakusimama.

"Unanipimia nini tena, jeneza?"

"Shali, bibi. Lile tutaliweka la kutokea."

Akanyamaza akamenya kiazi kizima, akakitumbukiza kwenye maji.

"Basi weka na mfuko," akasema. "Huku upande wa kulia. Nitie ugoro wangu."

Shali lenye mfuko sijawahi kufuma. Nimeliandika kwenye daftari: mishono 24 upande wa kulia, ndani, isionekane kwa watu.