Miaka 14, eti amekomaa

Kuna sifa moja siku hizi ikitolewa mbele yangu naumia, ile ya "kijana huyu amekomaa mapema mashallah". Manake ndivyo alivyokuwa akisifiwa mjomba wangu alipoingia Mombasa kwa jahazi akikimbia vita kutoka Barawa, pwani ya Somalia, ana miaka 14, na jana barazani baada ya isha ndio kwa mara ya kwanza kanihadithia huo ukomavu aliupata wapi.

Siad Barre, rais wa Somalia, alitoroka Mogadishu Januari 1991, na baada ya hapo pwani ile ikawa haina mwenyewe. Barawa ni mji wa mafundi viatu, wafuma vitambaa, wafanyabiashara, wazungumzao Chimwiini ambacho ni Kiswahili hiki hiki chetu, na hawakuwa na jeshi lao la kuwalinda, kwa hivyo askari wa Barre wanaokimbia wakipita wanapora, wanaowafukuza nao wakipita wanapora.

Kwao waliingia vijana watatu na bunduki wanataka dhahabu, wakamshika nyanyake. Yeye mjomba ndiye aliyewaonyesha ilipozikwa, jikoni nyuma ya mafiga. Sasa mmoja wao, ndevu hazijaota hata, akaiona baiskeli ya mjomba pale uani, akaegemeza bunduki ukutani akaipanda, akawa anazunguka kisima anacheka na kupiga kengele, wenzake huku wanachimba, nyanya analia, yeye anazunguka tu. Walipomwita akashuka, akachukua bunduki yake, akampiga yule bibi begani kwa kitako, wakaondoka na baiskeli.

Nilidhani mjomba atamlaani. Wapi. Kaniambia, "Mwanangu, yule hata breki alikuwa hajui kushika."

Hiyo sentensi imenikosesha usingizi wallahi. Mtoto mwenye bunduki na mtoto mwenye baiskeli, rika moja, na vita imewala wote wawili.

Kambini Utange, kambi ya wakimbizi hapa Mombasa, mjomba akawa ndio baba wa wadogo zake. Foleni ya maji yeye, kubishana bei na watu wazima yeye, usiku halali mpaka ahesabu vichwa, mpira hataki. Na wakubwa wa familia huku mjini wakija kuwatazama wanarudi wakimsifu adabu, kijana mtulivu, hana utoto. Hakuna hata mmoja aliyemkalisha akamuuliza mwanangu umeona nini. Sikatai, mchele na nguo walipeleka, roho nzuri walikuwa nayo, lakini ule utulivu ulikuwa hofu na wao wakauita malezi mema.

Kambi zile za pwani zikafungwa katikati ya miaka ya 90, wengi wakapelekwa Kakuma na Dadaab, yeye akabaki na sisi akaendelea kusifiwa.

Nimemuuliza kama naweza kuwaeleza wanangu. Amesema waeleze, ila na ya baiskeli usiiruke, manake yule kijana naye hakuna aliyewahi kumuuliza.