Usiku Betri Zilipokwisha

Januari 2009 nilikuwa namtunza nyanya mmoja mjini Lowell, Massachusetts, mji wenye Wakenya wengi hadi unga wa ugali si kitu cha kutafuta mbali. Alikuwa amepita miaka 80. Akili timamu, ulimi mwepesi, ila masikio yalikuwa yamechoka kabisa. Bila vile vifaa vyake viwili vya kusikilizia, hata ukibamiza mlango nyuma yake hashtuki.

Jumapili hiyo theluji ilianza kuanguka alfajiri. Mwenzangu aliyetakiwa kunipokea zamu akapiga simu kusema gari lake limefukiwa hadi madirishani. Nikamwambia asijihatarishe, nitalala huku. Mnamo saa moja jioni betri za Nyanya zikazima, sikio la kulia kwanza, kisha la kushoto. Nikafungua droo, nikakuta pakiti tupu. Hata duka la dawa lingekuwa wazi, barabara haikupitika.

Nilijaribu kusema polepole anisome midomo. Wapi! Kiingereza changu cha Voi, mji wa kwetu Kenya, hakikumsumbua alipokuwa anasikia, lakini midomo yangu haikuyakunja maneno kama alivyozoea. Nikamwandikia kwenye karatasi, naye akaisukuma kando, macho hayaoni mwandiko. Akaanza kukasirika, na machozi yakanilenga. Mtu mzima anataka kuulizwa atakula nini, na mimi sikuwa na namna ya kumuuliza.

Basi nikaweka DVD. Alikuwa na kasha zima la Gilligan's Island, vichekesho vya televisheni vya 1964 hadi 1967 kuhusu watu saba waliokwama kisiwani. Nilichomoa diski bila kuchagua, ikatokea hadithi ya 1965 iitwayo Castaways Pictures Presents. Watu wale wanapata vifaa vya kale vya kupigia sinema, vilivyotoka kwenye meli iliyozama. Wanaamua kutengeneza filamu ya kimya na kuiachia bahari, labda atakayeiokota atakuja kuwaokoa.

Mwanzoni Nyanya aliviona vinywa vikifunguka na kufumba tu, akageuza uso ukutani. Kisha ikaja filamu yao. Watu wakaanza kutembea mbiombio, macho yametumbuliwa, kila hisia inasemwa kwa mwili mzima. Nyanya akajivuta hadi ukingo wa kiti. Halafu akacheka, kile kicheko kikubwa cha mtu asiyejisikia mwenyewe.

Nami nikacheka, lakini mimi nilikuwa nimesharudi Voi, kwenye uwanja wa shule ya msingi, siku ya gari la sinema. Mchana lilipita na kipaza sauti, "Sinema leo! Sinema leo!", watoto tukilifuata ndani ya vumbi. Usiku yakaja matangazo ya sabuni, halafu Charlie Chaplin. Nyanya yangu mwenyewe, mzaa mama, hakujua neno hata moja la Kiingereza, na alimsimulia yule bwana wa fimbo na kofia wiki nzima, akiiga mwendo wake jikoni na mwiko mkononi. Sikuwahi kujiuliza alielewaje. Usiku ule wa Lowell ndipo nilipoona kwamba hakuna alichokikosa.

Nyanya akainua ngumi karibu na shavu, akaizungusha hewani kama anayesaga kitu. Sikumwelewa. Akaonyesha runinga, akazungusha tena, safari hii kinyume. Rudisha! Kamera za zamani zilizungushwa kwa mkono, kama mara mbili kwa sekunde, picha 16 hivi. Ukizionyesha kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, watu wanaonekana kama wanafukuzwa. Nikarudisha. Tuliitazama mara tatu. Mara ya pili alimwelekezea kidole nahodha mnene, Alan Hale Jr., akanieleza kwa sauti iliyojaza nyumba kwamba hata baba yake aliigiza sinema za kimya, na ndiye aliyekuwa Little John katika filamu ya Robin Hood ya 1922.

Mwisho wa hadithi redio ya kisiwani inatangaza kuwa filamu imeshinda tuzo katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Dunia imeisifu, na hakuna aliyekuja kuwachukua. Redio Nyanya hakuisikia, lakini aliikumbuka sehemu hiyo tangu zamani, na kila tulipoifikia alitikisa kichwa na kushika mkono wa kiti.

Saa ya dawa ilipofika sikugusa karatasi. Nilishika kifua, nikayumba, nikaanguka kwenye kochi. Nikafufuka, nikatupa kidonge cha hewa mdomoni, nikasimama wima kama askari. Nyanya akafungua kinywa akingoja chake. Uji nilimuuliza kwa kukoroga sufuria isiyokuwepo na kujipulizia ulimi ulioungua. Akajibu kwa vidole viwili, vijiko viwili vya sukari, akijua fika kwamba daktari amemruhusu kimoja. Nikashika kiuno, nikatumbua macho. Akakunja kidole kimoja taratibu, kwa huzuni ya msiba mzima.

Asubuhi barabara ilisafishwa, mwenzangu akafika na betri. Nilikuwa nje nikikwangua barafu kwenye kioo cha gari nilipomwona Nyanya dirishani, vifaa vyake vimesharudi masikioni. Angeweza kunigongea kioo au kuniita. Akainua ngumi karibu na shavu, akazungusha. Nikabana kikwangulio kwapani, nikavua glavu, nami nikazungusha.