Swila wa Watamu na jina la mzee Ashe

Natembeza wageni hapa Watamu, pwani ya Kenya, na wengi tukiingia shamba la nyoka la Bio-Ken huulizia koboko. Mimi huwapeleka kwanza kwa swila mkubwa. Akitanua shingo, ona kile kioo mbele yake: kimejaa madoa makavu ya sumu aliyowatemea watu akilenga macho.

Jina lake la kisayansi ni Naja ashei. Naja limetoka kwenye nāga, nyoka kwa Kisanskriti. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeweka utaratibu wa majina haya, alilitumia mwaka 1758 kwa fira wa Bara Hindi. Ashei ni James Ashe, mzee aliyeanzisha shamba hili na mkewe Sanda. Wataalamu walimchukulia nyoka huyu kuwa ni yule yule swila mweusi, Naja nigricollis, ila rangi tu imegeuka. Ashe hakukubali. Tangu miaka ya 1960 alishikilia kuwa huyu ni wa aina yake, mkubwa kupita kiasi, anayeweza kufika mita 2.7. Wolfgang Wüster na Donald Broadley, wataalamu wa nyoka, walipochunguza vinasaba, ikaonekana mzee alisema kweli. Walilitangaza jina mwaka 2007. Ashe alikuwa ameshafariki 2004.

Kwa desturi, mtaalamu hampi mnyama jina lake mwenyewe; husubiri apewe na wenzake. Ashe naye alikuwa amempa mwingine heshima hiyo: mwaka 1968 alimwelezea kisayansi nyoka wa msituni kutoka upande wa Mlima Kenya na kumpa jina Atheris desaixi, kwa heshima ya Frank DeSaix aliyempata nyoka huyo mara ya kwanza. Hiyo i ya mwisho katika ashei na desaixi ni Kilatini, maana yake "wa fulani".

Bafe naye, Bitis arietans, jina lake ni la kondoo dume anayepiga kwa kichwa. Limemfaa kabisa. La koboko silipendi: Dendroaspis polylepis, nyoka wa mtini mwenye magamba mengi, ilhali muda mwingi yuko chini, na kinachomtambulisha ni kinywa cheusi ndani.

Wageni huniuliza jina linasaidia nini. Mwaka 2004 swila mmoja hapa alikamuliwa mililita 6.2 za sumu kwa mara moja. Daktari anayemtibu aliyeumwa anahitaji kujua ni nyoka gani. Na swila akikutemea machoni, usisugue. Osha papo hapo kwa maji safi mengi, kisha kimbilia hospitali.