Dikia yangu na kiu ya miaka miwili

"Mbona mkonge wako haukui?" Jirani yangu Mama Zawadi aliniuliza hivyo kila alipokuja kuchota maji, nami kila mara nilimjibu kwamba si mkonge. Ila kwa nini haukui, hapo sikuwa na jibu. Miaka miwili mizima ule mmea ulikaa kwenye chungu kando ya ngazi, upana wa kiganja, majani yamejikunja kwa ndani na ncha zimekauka.

Niliununua Dar es Salaam kwa muuza maua wa kando ya barabara. Aliniambia ni kaktasi, na kwamba huku Dodoma hautanisumbua: maji mara moja kwa mwezi, basi. Nikafuata. Nyumba yetu, mtaa wa Kisasa, hupigwa na jua tangu asubuhi, na kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni kama hakuna, ni upepo na vumbi. Nikaamini nimeurudisha kwao.

Kaktasi wapi! Ni Dyckia, mimi nautamka dikia, na ni ndugu wa nanasi. Ukiweka kichwa cha nanasi kando yake utauona huo undugu: majani magumu yenye miiba pembeni, yanayozunguka kitovu kimoja. Kwao ni Amerika Kusini, hasa Brazili, ingawa yumo pia Paraguai, Argentina, Uruguai na Bolivia. Jina linatokana na Joseph wa Salm-Reifferscheidt-Dyck (1773–1861), mwanamfalme wa Kijerumani aliyependa sana mimea ya sehemu kame.

Aina yangu ni Dyckia brevifolia. Siku niliyosoma inakoota nilishika kichwa. Katika jimbo la Santa Catarina, kusini mwa Brazili, huota juu ya miamba ya mto Itajaí. Mtoni! Jua linauchoma mwamba, mto unafurika na kuufunika mmea mzima, kisha maji yanashuka na jua linarudi. Nilisoma mara mbili, nikainuka, nikaenda kujaza ndoo.

Ndugu zake wengi katika jamii ya mananasi hukinga maji ya mvua katikati ya majani kama kikombe. Dikia hana kikombe, anategemea mizizi. Ukame ukimkuta hafi upesi, kwa sababu vitundu vya kupumulia vya majani yake hufunguka usiku, si mchana wa jua, kama vya mkonge na nanasi, na maji yanayopotea ni machache. Lakini mizizi inanyauka na kukua kunasimama. Wangu ulikuwa unavumilia kiu, mimi nikadhani unaipenda.

Nilipoung'oa nikakuta mizizi michache, mikavu kama uzi. Nikaupanda upya kwenye chungu cha udongo chenye tundu kubwa chini: mchanga wa mto wenye chembe nene sehemu mbili, kokoto ndogo sehemu moja, samadi ya mbuzi ya zamani sehemu moja. Samadi mbichi usijaribu, itaunguza mizizi. Sasa namwagilia mara mbili kwa wiki mpaka maji yatokee chini, na kwenye joto la Oktoba na Novemba nauwekea kisahani cha maji chini ya chungu. Juni na Julai usiku kunapokuwa na baridi, kila siku kumi inatosha. Jua liwe la kutosha. Niliwahi kuuficha chini ya mwembe kwa huruma, majani yakarefuka na kupauka.

Miiba yake iogope. Imepinda kama ndoana, mkono unaingia vizuri na kutoka na damu. Magugu nayatoa kwa koleo refu la jikoni, na juu ya udongo nimetandaza kokoto ili yasiote.

Mwaka wa kwanza wa maji ya kutosha mmea uliongezeka mara mbili. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba, ukatoa kikonyo cha maua, na hakikutoka kitovuni kama cha nanasi bali ubavuni, kati ya majani. Ndiyo maana mmea wenyewe haufi baada ya kuchanua. Maua ni madogo, rangi ya chungwa iliyokolea. Kwao huyanywa ndege wadogo wanaoelea hewani mbele ya ua. Kwangu alikuja chozi, akashika kikonyo na kuinama. Nilisimama dirishani mpaka chai ikapoa.

Ndugu yake mwingine wa mtoni, Dyckia distachya, aliota kwenye miamba ya mito Pelotas na Uruguai, huko huko kusini mwa Brazili. Mwaka 2005 bwawa la umeme la Barra Grande lilipojazwa, miamba ile ikazama na haikuibuka tena. Mmea uliozoea mafuriko ya siku chache hauwezi kuishi chini ya ziwa. Baadhi iliokolewa na kupandwa kwingine, lakini habari hiyo bado inaniuma, maana kiumbe kile kilishazoea maji na jua kwa zamu, kikanyimwa zamu ya jua.

Mwezi uliopita nilikata vichipukizi vitatu kwa kisu cha msumeno, nikaviacha kivulini siku mbili ili jeraha likauke. Kimoja amechukua Mama Zawadi. Amekipanda kwenye ndoo ya rangi aliyoitoboa, akaiweka kando ya bomba langu, pale maji yanapodondoka anapochota.